JOHANNESBURG: MJI ULIOZALIWA NA MGODI

Miji mingi mikubwa ya dunia ilianza mahali penye maji. Dar es Salaam na Mombasa zilikua kando ya bandari, Mwanza ukingoni mwa ziwa, na Kairo kando ya Mto Nile. Mji wa Johannesburg, ulio mkubwa kuliko yote nchini Afrika Kusini, hauna bandari, hauna ziwa, wala hauna mto unaoweza kupitisha hata mtumbwi. Umekaa juu ya mgongo wa nyanda za juu, kiasi cha mita 1,750 kutoka usawa wa bahari. Maji yake ya kunywa hupandishwa kwa pampu kutoka Mto Vaal, ulio kusini kwa zaidi ya kilomita 50 na chini kwa zaidi ya mita 300; na tangu 1998 mto huo huongezewa maji yaletwayo kwa mahandaki kutoka milima ya Lesotho. Hata hivyo mji huu una wakazi zaidi ya milioni 4.

Ni kitu gani kilichouweka mji mkubwa namna hiyo mahali pasipo na maji? Jibu ni dhahabu. Lakini jibu hilo ni mwanzo tu wa somo. Mgeni anayeuzuru mji huu kwa macho ya mwanasayansi ataona kwamba karibu kila kitu kilicho juu ya ardhi, kuanzia vilima vyake na barabara zake hadi mahali wanapoishi maskini na matajiri, kinatokana na yale yaliyotendwa chini ya ardhi. Ataona pia kwamba dhahabu ilikwisha kuondoka, ilhali mambo mengine yaliyotoka pamoja nayo yamebaki.

Mwamba wenye dhahabu

Safu ya vilima inayoupitia mji kutoka mashariki hadi magharibi huitwa Witwatersrand, maana yake katika lugha ya Kiafrikana ni "ukingo wa maji meupe". Safu hii ni mgawanyo wa maji. Mvua inyeshayo upande wake wa kaskazini huelekea Mto Limpopo, na mwisho wake ni Bahari ya Hindi. Inyeshayo upande wa kusini huingia Mto Vaal, kisha Mto Orange, na mwisho wake ni Bahari ya Atlantiki. Msomaji aiweke jambo hili akilini, kwa kuwa litahitajika mbele.

Dhahabu ya Witwatersrand haikupatikana katika mishipa ya kwatsi kama ilivyo katika migodi mingi. Ilikaa ndani ya konglomerati, yaani mwamba uliofanyika kwa kokoto za duara zilizogandamana pamoja. Kokoto hizo ziliwekwa na mito iliyotiririka katika bonde kubwa yapata miaka milioni 2,900 iliyopita. Kati ya kokoto na kokoto kuna chembe za dhahabu, ambazo aghalabu ni ndogo mno hata jicho haliwezi kuziona, pamoja na madini mengine mawili ambayo hayana budi kukumbukwa: urani, na pairaiti, ambayo ni mchanganyiko wa chuma na salfa.

Baadaye, yapata miaka milioni 2,020 iliyopita, kimondo kikubwa kilianguka mahali paitwapo Vredefort, kusini-magharibi ya Johannesburg ya leo. Pigo hilo liliipinda miamba ya bonde, na wanajiolojia wengi huamini kwamba liliisaidia kuihifadhi ile yenye dhahabu isimomonyolewe na mvua na upepo.

Tabaka za konglomerati hutokeza juu ya ardhi Johannesburg, kisha huinama na kuzama kuelekea kusini. Huko ndiko kulikoamua historia yote ya mji. Mwaka 1886, katika shamba la Langlaagte, mtafutaji dhahabu aitwaye George Harrison alilitambua jiwe la namna hiyo. Inasimuliwa kwamba aliiuza haki yake ya kuchimba kwa pauni 10 tu, akaenda zake. Mwaka huo huo mji ulipimwa katika kipande cha ardhi chenye umbo la pembetatu, na miaka 10 baadaye sensa ilikuta watu zaidi ya 100,000.

Kemia iliyouokoa mji

Wachimbaji wa kwanza waliutwanga mwamba kwa mitambo ya vinu, kisha wakaupitisha unga wake, pamoja na maji, juu ya bamba za shaba zilizopakwa zebaki. Zebaki huinasa dhahabu, kama wanavyojua wachimbaji wadogo wa Geita na Chunya. Karibu na uso wa ardhi njia hiyo ilifaa, kwa sababu hewa na mvua vilikuwa vimekwisha kuioza pairaiti. Lakini mashimo yalipofika kina cha makumi ya mita, mwamba uliotolewa ulikuwa na pairaiti bichi. Zebaki ikashindwa kuinasa sehemu kubwa ya dhahabu. Kufikia 1890 bei za hisa zilikuwa zimeporomoka, watu walianza kuhama, na mji ulielekea kuwa gofu kabla ya kutimiza miaka 5.

Uliokolewa na maabara. Mwaka 1887, mjini Glasgow, mkemia John MacArthur pamoja na ndugu wawili, Robert na William Forrest, walikuwa wamegundua kwamba myeyuko hafifu wa sayanaidi huiyeyusha dhahabu endapo kuna oksijeni ya hewa:

4Au + 8NaCN + O₂ + 2H₂O → 4NaAu(CN)₂ + 4NaOH

Myeyuko huo ukishachujwa hutiwa zinki, nayo dhahabu hujitenga na kutuama. Njia hii ilianza kutumika Johannesburg mwaka 1890, na mapato yakapanda kutoka kiasi cha theluthi mbili za dhahabu iliyomo hadi zaidi ya tisa ya kumi. Hakika mji wa Johannesburg ni mtoto wa kemia kama ulivyo mtoto wa jiolojia. Lakini pairaiti yenyewe haikwenda popote. Ilitupwa pamoja na taka.

Vilima vya manjano

Mgeni anayewasili kwa ndege huviona vilima hivyo kabla ya kuyaona majumba: vina rangi ya manjano, vimekatwa bapa juu, na vimejipanga kutoka mashariki hadi magharibi kufuata mstari wa mwamba. Vilima hivyo havikuumbwa na maumbile. Ni mwamba uliosagwa, ukatolewa dhahabu, ukamwagwa. Ule uliosagwa kwa ukali uliachwa kuwa malundo ya mchanga. Ule uliosagwa laini ulimiminwa ukiwa tope katika mabwawa ya topesumu, nayo yakakauka. Rangi ya manjano ni alama ya kutu: chuma kilichomo ndani ya pairaiti kinaungana na oksijeni.

Hesabu ndogo itaonyesha kwa nini taka ni nyingi hivyo. Tuseme mwamba una gramu 10 za dhahabu katika kila tani. Ili kupata kilogramu 1 ya dhahabu lazima tani 100 zichimbwe na kusagwa. Tangu 1886 Witwatersrand imetoa zaidi ya tani 40,000 za dhahabu. Kwa kuwa mita moja ya ujazo ya dhahabu ina uzito wa tani 19.3, dhahabu hiyo yote ingeenea katika ukumbi mmoja wa shule wenye urefu wa mita 26, upana wa mita 16 na kimo cha mita 5. Taka zake, kwa kiwango hicho cha gramu 10, ni tani milioni 4,000. Ukumbi ule umekwisha kutawanywa duniani. Taka zimebaki Johannesburg.

Vilima vyenyewe navyo vinapungua. Tangu miaka ya 1970 makampuni yamekuwa yakivibomoa kwa mipira ya maji yenye kani kubwa na kuusafirisha udongo wake kwa mabomba ili uchenjuliwe upya, kwani mitambo ya zamani iliacha dhahabu kidogo humo. Wachimbaji wa Kanda ya Ziwa hufanya vivyo hivyo kwa marudio yao. Juu ya kilima kimoja karibu na kitovu cha mji palikuwa na sinema ya kutazamwa kutoka ndani ya magari. Ilifungwa mwaka 2006, kisha kilima chenyewe kikabomolewa kwa ajili ya dhahabu iliyosazwa.

Ukanda unaougawa mji

Mgeni akiifungua ramani atauona ukanda wa ardhi iliyo wazi, wenye malundo, maghala na viwanda, kusini tu mwa majumba marefu. Sababu yake ni ya kiuhandisi. Chini ya ukanda huo mwamba ulichimbwa karibu sana na uso wa ardhi, na kwa muda mrefu ujenzi wa majumba marefu ulizuiwa juu yake kwa kuogopa kutitia.

Ukanda huo ukawa pia mpaka wa watu. Matajiri walijenga kaskazini, mbali na vumbi na kelele za vinu. Serikali ya wazungu iliwaweka Waafrika upande wa kusini na kusini-magharibi, nyuma ya malundo. Na vitongoji vya huko vilipounganishwa viliitwa Soweto mwaka 1963. Katika miezi ya Agosti na Septemba, kabla ya mvua, upepo huinua vumbi la malundo na kulipeleka katika nyumba za Riverlea, Diepkloof na Meadowlands. Vumbi hilo lina silika, na lina urani kidogo. Ubaguzi wa kisheria ulikoma mwaka 1994, lakini malundo hayakuhama kwa sheria.

Mwamba wenye gramu chache kwa tani haulipi isipokuwa gharama ziwe ndogo, na gharama iliyopunguzwa kuliko zote ilikuwa ujira wa mchimbaji Mwafrika. Makampuni yaliungana kuunda shirika la kuandikisha vibarua kutoka nchi za jirani, ambalo watu wengi waliliita Wenela. Liliwachukua wanaume kutoka Msumbiji, Nyasa na kwingineko, wakiwamo watu wa Nyanda za Juu Kusini za Tanganyika, mpaka serikali ya Tanganyika huru ilipousitisha uandikishaji huo. Waliishi katika makambi yaliyozungushiwa ukuta, bila wake wala watoto, na kazi zenye ujuzi na mshahara mzuri walitengewa wazungu kwa sheria. Mwaka 1946 zaidi ya wachimbaji 60,000 waligoma kudai ujira bora. Mgomo ukavunjwa kwa nguvu, na baadhi yao wakauawa. Mgodi wa Crown Mines, ambako Nelson Mandela alifanya kazi ya ulinzi kwa muda mfupi mwaka 1941, sasa una uwanja wa burudani unaoitwa Gold Reef City, nao watalii huteremshwa chini ya ardhi kuona palivyokuwa.

Walioteremka kwa riziki walirudi na kitu ambacho hakikuonekana. Kokoto za konglomerati ni kwatsi, na kwatsi ni silika. Baruti na keekee huigeuza kuwa vumbi laini linalopenya hadi ndani kabisa ya mapafu, likayatia makovu yasiyopona. Ugonjwa huo huitwa silikosisi, na mwenye nao hushikwa na kifua kikuu kwa urahisi. Dalili zake huweza kuchelewa kwa miaka mingi, mtu akiwa amekwisha kurudi kijijini kwake, mbali na daktari wa mgodi. Ndiyo maana hesabu ya madhara yake ilichelewa mno. Mwaka 2019 mahakama ya Johannesburg iliyakubali mapatano ambayo kwayo kampuni sita zilitenga kiasi cha randi bilioni 5 kuwafidia wachimbaji waliougua tangu 1965, pamoja na jamaa za waliokufa.

Kina, joto na ardhi isiyotulia

Kwa kuwa mwamba unazama, wachimbaji nao walizama. Mgodi wa Mponeng, ulio karibu na Carletonville kusini-magharibi ya Johannesburg, unakaribia kina cha kilomita 4, na mwamba wake una joto linalozidi nyuzi 60 za Selsiasi. Barafu husagwa na kuteremshwa ili watu waweze kufanya kazi humo. Hata hivyo kina hicho kiliwezekana kwa bahati ya maumbile. Mahali pengi duniani joto la ardhi huongezeka kwa kiasi cha nyuzi 25 kila kilomita. Witwatersrand huongezeka kwa kiasi cha nyuzi 10 hadi 12 tu, kwa kuwa gamba la dunia hapo ni la kale na limepoa.

Kuondoa mwamba chini huondoa pia utulivu wa juu. Mwamba uliobaki hubeba uzito wote, na mara kwa mara hupasuka ghafula. Wakazi wa Johannesburg wamezoea mitetemo midogo. Upande wa Carletonville kuna hatari nyingine. Huko migodi imefunikwa na mwamba wa dolomiti, ambao maji huula na kuufanyia mapango. Maji yaliyojaa mapangoni husaidia kuyashikilia mapaa yake. Yalipovutwa kwa pampu ili migodi isifurike, mapaa yalianza kuanguka. Mnamo Desemba 1962, katika mgodi wa West Driefontein, shimo lilifunguka ghafula na kulimeza jengo la mitambo ya kuvunjia mawe pamoja na wafanyakazi 29.

Maji yanayopanda

Maadamu migodi ilifanya kazi, pampu zilitoa maji mchana na usiku. Katika mwaka 1970 Afrika Kusini ilitoa kiasi cha tani 1,000 za dhahabu. Siku hizi mavuno ya mwaka ni karibu sehemu moja ya kumi ya hizo. Mgodi ukifungwa, pampu huzimwa. Maji ya mvua huendelea kuteremka kupitia nyufa, hujaza njia za chini, ambazo nyingi zimeunganika baina ya mgodi na mgodi, na huko hukutana na ile pairaiti iliyowasumbua wachimbaji wa 1890. Kwa msaada wa hewa na vijidudu fulani hutokea hivi:

4FeS₂ + 15O₂ + 14H₂O → 4Fe(OH)₃ + 8H₂SO₄

Zao la kwanza ni tope jekundu la kutu. La pili ni asidi ya salfuriki, tindikali ile ile ya betri za gari, nayo huyeyusha urani na metali nyingine zilizomo mwambani.

Mwaka 2002 maji hayo yalitokeza juu ya ardhi karibu na Krugersdorp, magharibi ya Johannesburg, yakaingia katika kijito kielekeacho kaskazini. Hapa ndipo ule mgawanyo wa maji unapopata uzito wake: mji uliojengwa juu ya mgongo wa nchi huweza kupeleka uchafu wake pande zote mbili, Limpopo na Orange, na katika nchi nyingine zinazokunywa mito hiyo. Baina ya 2012 na 2016 serikali iliweka pampu na mitambo ya kusafisha maji huko Krugersdorp, Germiston na Springs. Mitambo hiyo hutia chokaa ili kuizima asidi na kuituamisha chuma. Chumvi za salfeti, hata hivyo, husalia kwa wingi majini, na kuziondoa ni kazi ya gharama kubwa zaidi. Isitoshe, pampu hizo haziwezi kuzimwa mwaka huu wala ujao. Makampuni mengi yaliyochimba hayapo tena. Anayelipa ni mwananchi, ambaye pengine hakuwahi kuvaa hata pete ya dhahabu.

Somo kwa nchi zinazochimba sasa

Miamba ya Geita, Kahama na Tarime si konglomerati kama ile ya Witwatersrand, na migodi yake haijafikia kina hicho. Kwa hiyo si haki kudhani kwamba yaliyotokea kule yatatokea hapa kwa namna ile ile. Lakini sayanaidi ni ile ile, silika ni ile ile, na pairaiti humo pia imo. Mgodi wa Buzwagi, karibu na mji wa Kahama, ulikoma uzalishaji mwaka 2021, na mingine itafuata kwa zamu yake, kwa kuwa madini hayaoti tena. Sheria ya Madini ya Tanzania ya mwaka 2010 na kanuni zake huwataka wenye migodi mikubwa waandae mpango wa kufunga mgodi na waweke dhamana ya fedha kwa ajili ya kazi hiyo. Sharti hilo halikuwapo Johannesburg mwaka 1886, na mji unaonyesha gharama ya kulikosa. Faida ya dhahabu huhesabiwa kwa miaka ya mgodi, hali hasara yake huendelea kwa miaka ya mwamba. Nchi inayochimba haina budi kuziandika hesabu zote mbili katika daftari moja, tena kabla ya kuchimba.

Maswali ya wanafunzi

1. Mwamba fulani una gramu 5 za dhahabu katika kila tani. Ni tani ngapi zitakazosagwa ili kupata kilogramu 1 ya dhahabu? Taka ni sehemu gani ya mwamba wote?

2. Joto la mwamba karibu na uso wa ardhi ni nyuzi 18 za Selsiasi. Tafuta joto katika kina cha kilomita 3.5 ikiwa huongezeka kwa nyuzi 12 kila kilomita, kisha ikiwa huongezeka kwa nyuzi 25. Eleza tofauti hiyo ina maana gani kwa mchimbaji.

3. Andika mlinganyo wa kemia wa chokaa inapoizima asidi ya salfuriki. Kwa nini maji yaliyotiwa chokaa bado huwa na salfeti?

4. Chora ramani ya mji au kijiji chenu. Onyesha kitu kilichowavuta watu wa kwanza kukaa hapo, mahali taka zake zinapotupwa, na njia ya maji ya mvua. Ni nani wanaoishi upande ambao maji na upepo huelekea?